Panorama kwa droni msimu wa kipupwe: mwongozo kamili kwa vijiji vya Dodoma na kanda ya kati

Picha nyingi za panorama, yaani picha pana zinazounganishwa kutoka picha kadhaa, zinazopigwa kwa droni huku kanda ya kati zina kasoro ileile: droni imepanda juu mno, na jua nalo limepanda juu mno. Uwanda wa Dodoma ni tambarare. Ukiutazama kutoka mita 120 saa 6 mchana, mibuyu inakuwa vitone, vichuguu vinapotea, majabali yanalala chini, na nchi nzima inabaki kama karatasi ya kaki. Kinachoipa nchi hii umbo ni kivuli. Ndiyo maana karibu kila ushauri ulio hapa chini, uwe wa betri, wa vibali au wa kompyuta, unalenga jambo moja: uwe hewani, chini kiasi, wakati vivuli bado ni virefu na upepo haujaamka.

Kwa nini Juni hadi Agosti

Mvua za Dodoma huanza Desemba na kuisha Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 570. Ikifika Juni, mtama na uwele vimeshavunwa, mabua yamebaki shambani, nyasi zimegeuka rangi ya dhahabu na mibuyu imepukutisha majani. Mbuyu usio na majani una kivuli cha ajabu: kila tawi linajichora chini. Makorongo yamekauka, mchanga wake mweupe unakata nchi nyekundu, na ndani yake utaona visima vilivyochimbwa kwa mkono kwa ajili ya watu na mifugo. Kijani pekee kinachobaki ni mashamba ya zabibu, bustani za umwagiliaji na kingo za mabwawa, na kijani hicho kidogo ndicho kinachoipa panorama mahali pa kulaza macho.

Halafu kuna jua lenyewe. Kipindi hiki liko upande wa kaskazini. Mwezi Juni huchomoza kaskazini-mashariki, huzama kaskazini-magharibi, na hata adhuhuri halifiki utosini: huishia kwenye nyuzi 60 na ushei, kivuli kikianguka kusini. Kwa hiyo miteremko inayotazama kusini hubaki na giza muda mrefu, jambo la kukumbuka unapochagua upande wa kilima.

Kati ya miezi hiyo mitatu, mimi naipa Juni alama za juu. Hewa bado imeoshwa na mvua. Kuanzia Agosti kuelekea Oktoba upepo na vumbi huongezeka, watu huchoma mabaki ya mashamba, na ukungu wa moshi unafuta vilima vya mbali. Julai ni nzuri vilevile, ila jiandae kwa baridi: alfajiri hushuka hadi nyuzi joto 13 hivi, na vidole vilivyokufa ganzi haviendeshi rimoti vizuri. Betri zenyewe hazina shida na baridi ya kiasi hicho. Adui wao ni gari lililofungwa vioo na kuachwa juani saa 8 mchana.

Vibali, kabla ya chochote

Droni Tanzania si kitu cha kununua asubuhi na kurusha jioni. Inatakiwa isajiliwe na mrushaji awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA, na kuna idhini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kwa anayeiingiza kutoka nje. Anza mchakato huo mapema, wiki nyingi kabla ya safari, na uliza masharti yanayotumika mwaka huo badala ya kutegemea alichoambiwa rafiki yako miaka ya nyuma. Kimo cha kutovuka ni mita 120 kutoka ardhini.

Dodoma ina ugumu wake wa ziada kwa sababu ni makao makuu ya nchi. Uwanja wa ndege wa zamani uko katikati ya jiji, uwanja mpya wa Msalato uko kaskazini, Ikulu iko Chamwino na Mji wa Serikali uko Mtumba. Chora duara pana kuzunguka maeneo hayo na usahau habari zake. Kaa mbali pia na kambi za jeshi, magereza, reli ya SGR na mitambo ya umeme. Hifadhi za taifa zina utaratibu wao, na kibali cha TCAA pekee hakikufungulii geti.

Kisha nenda ngazi ya kijiji. Ripoti kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na nakala za vibali, omba akukutanishe na mwenyekiti wa kitongoji unachokwenda. Kwenye vijiji vilivyo jirani na jiji, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama unapima ardhi. Usicheke. Tangu serikali ihamie Dodoma, viwanja vimepimwa, mipaka imesogea na watu wamelipwa fidia wasizozitarajia, wengine kwa furaha na wengine kwa uchungu. Mtu anayeona kidude kikizunguka juu ya shamba lake ana haki ya kuuliza. Mwonyeshe skrini, mwache aone nyumba yake mwenyewe kutoka juu, mweleze picha inakwenda wapi. Salamu ya “Mbukwenyi” kwa wazee wa Kigogo, ikifuatiwa na shikamoo, itakufikisha mbali kuliko karatasi yenye mhuri. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: sura za watu na nyua za nyumba zao si mali yako kwa sababu tu umeziona kutoka angani.

Mahali pa kwenda

Usianze na ramani ya vivutio. Anza na swali: hapa kivuli kitaangukia nini?

Bahi, kilomita zipatazo 55 magharibi mwa jiji kwenye barabara ya Singida, ni bonde la chini lenye mpunga na eneo la kinamasi ambalo hupungua maji kadiri kiangazi kinavyoendelea. Kivutio chake ni mistari: majaruba, mifereji, njia za ng'ombe zinazokusanyika kwenye maji kutoka pande zote. Hapa panda juu kidogo, mita 70 au 80, kwa sababu mistari huonekana vizuri ukiitazama kwa kuinama.

Ukiendelea hadi wilaya ya Manyoni utafika Kilimatinde, ukingoni mwa ngema ya Bonde la Ufa. Ngema hiyo inatazama mashariki. Maana yake kwa mpiga picha ni hii: asubuhi jua linaipiga usoni na kila korongo linaonekana, ilhali jioni ngema yenyewe inatupa kivuli juu ya tambarare iliyo chini yake. Basi asubuhi ruka kutoka chini ukitazama magharibi. Jioni ruka kutoka ukingoni ukitazama mashariki, usubiri mstari wa kivuli ukitambaa bondeni. Picha ya pili ni ngumu zaidi, ila ukiipata hutatamani ya kwanza.

Kondoa ni habari nyingine kabisa. Michoro ya miambani ya Kolo iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na wageni wengi wenye droni huwaza kuipiga. Haina maana: michoro iko chini ya vivuli vya majabali, droni haiioni, na eneo lina wasimamizi wa malikale ambao lazima uwaombe ruhusa. Kinachostahili panorama Kondoa ni ardhi yenyewe. Vilima vya Irangi vililiwa na mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoathirika zaidi. Ukiruka asubuhi upande wa Haubi utaona makovu ya makorongo, mchanga uliomwagika chini ya vilima, na miti iliyorudi juu yake, vyote kwenye picha moja. Hakuna picha ya kawaida inayoweza kueleza hilo, kwa kuwa chanzo na matokeo viko mbali mno.

Hombolo, kaskazini-mashariki mwa jiji, kuna bwawa lililojengwa mwaka 1957 na mashamba ya zabibu jirani. Maji yaliyotulia alfajiri ni mazuri, ila yana mtego wa kiufundi nitakaoueleza mbele. Kongwa, ulikoanzia mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951, kuna malisho mapana sana. Peleka droni chini, mita 25 hivi, la sivyo utarudi na mstari mmoja wa nyasi na mwingine wa anga.

Vifaa

Droni ndogo ya gramu 249 inatosha kabisa, mradi kamera yake itoe faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazibana, na ikuruhusu kushika mipangilio kwa mkono. Beba betri tatu, propela za akiba, kadi mbili, kitambaa cha lenzi na brashi laini ya vumbi. Beba pia mkeka au turubai dogo la kupaalia. Vumbi la Dodoma ni jepesi na linaingia kwenye mota na gimbali, kile kishikio kinachoituliza kamera; droni inayopaa kutoka udongo mtupu inajinyunyizia yenyewe. Usipaalie juu ya boneti ya gari wala zege lenye nondo, dira itachanganyikiwa. Vichujio vya kupunguza mwanga vinavyouzwa kwa mbwembwe havina kazi kwenye panorama, na kile cha polaraizi kinaharibu: anga itakuwa na doa jeusi upande mmoja na weupe upande wa pili, na doa hilo halifutiki.

Jioni ya kabla

Pakua ramani ya eneo kwenye programu ya droni, maana mtandao utakukimbia. Chaji kila kitu ukiwa bado mjini. Angalia utabiri wa upepo kwa kimo cha mita 100, usitazame wa ardhini tu. Juu upepo huwa na nguvu zaidi. Droni ndogo nyingi zinadai kuhimili mita 10 kwa sekunde, na kweli hazitaanguka, lakini kwa panorama mimi sirushi ukizidi mita 7. Droni inayopigana na upepo huku inazunguka husogea kutoka mahali pake, na picha za jirani haziungani sawasawa.

Panga saa. Kwa kuwa Dodoma iko magharibi ya mstari ambao saa zetu zinaufuata, jua huchelewa: mwezi Julai linachomoza saa 1 kasoro dakika 10 asubuhi na kuzama kama saa 12:35 jioni. Dirisha la kazi ni kuanzia saa 1:15 hadi saa 2:30 asubuhi, jua likiwa kati ya nyuzi 5 na 22 juu ya upeo wa macho. La jioni ni saa 10:45 hadi saa 12:15. La asubuhi ni bora kwa utulivu wa hewa. Kufika saa 4 upepo wa kusi umeshashika kasi, na kuanzia mchana utaona visulisuli vikitembea mashambani. Kisulisuli kikubwa kinaweza kuipindua droni ndogo, kwa hiyo ukikiona kinakuja, shuka kwanza, picha baadaye.

Asubuhi, ukifika

Kabla ya kufungua begi, zunguka kwa miguu. Tafuta nyaya. Kamera haitakuonyesha waya wa umeme mpaka umeufikia. Njia kuu ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma hadi Singida na Shinyanga inakatiza mashamba mengi, na nguzo zake ni ndefu kuliko mti wowote huku. Angalia minara ya simu. Kisha panga kimo cha droni kurudi nyumbani yenyewe: mita 50 hutosha juu ya mibuyu, ila pandisha zaidi, ukibaki ndani ya mita 120, kama kuna mnara au nguzo karibu.

Subiri GPS ikamate satelaiti za kutosha na droni iseme imeandika mahali ilipopaa. Watoto watakuja, hilo halina mjadala. Mpe mkubwa mmoja kati yao kazi ya kuwazuia wenzake nyuma ya mstari uliouchora chini. Ukiona kundi la ng'ombe, usipae jirani nalo. Ng'ombe wasiozoea sauti hiyo hukimbia, na mchungaji atawasaka nusu siku. Nenda kando mita 150 au zaidi, upae, kisha usogelee ukiwa juu.

Mwewe na tai ni tatizo la kweli hasa karibu na mabwawa na majabali. Ndege akianza kuizunguka droni, panda juu moja kwa moja kwa kasi, kwa sababu hupendelea kushambulia kutoka juu na kupanda wima humchosha. Kisha ondoka eneo hilo, ni kwake.

Mipangilio ya kamera

Hapa ndipo panorama nyingi huharibika, kwani kamera ikiachiwa ijiamulie, kila picha itakuwa na mwanga na rangi yake, na anga itakuwa na viraka.

Weka faili ziwe RAW, pamoja na JPEG ukipenda. Weka mwanga kwa mkono: ISO 100, na kama lenzi ina tundu linalobadilika, acha f/4 au f/5.6. Sasa zungusha droni taratibu duara zima huku ukitazama histogramu, mchoro unaoonyesha mgawanyo wa mwanga kwenye picha, utafute upande wenye mwanga mkali kuliko wote utakaoingia kwenye picha. Panga kasi ya shata kwa upande huo, ili mawingu na mchanga mweupe visichomeke. Asubuhi yenye jua, kwa lenzi ya f/2.8 utajikuta kati ya 1/400 na 1/1000. Upande wa pili utaonekana wenye giza kwenye simu. Usiubabaikie, RAW itaurudisha. Kilichochomeka hakirudi.

Sehemu iliyoandikwa WB, inayopanga rangi ya mwanga, iondoe kwenye otomatiki, uweke 5500 au karibu na hapo. Kama droni yako ina fokasi ya kubadilika, gusa kitu cha mbali, kisha ifunge ibaki hapo. Washa mistari ya gridi.

Ukitaka duara zima jua likiwa ndani, picha moja kwa kila upande haitoshi. Tumia AEB, picha tatu za mwanga tofauti kila pembe. Ni nyingi na faili ni nzito: RAW ya megapikseli 12 huwa na MB 20 na zaidi, hivyo duara la picha 26 ni zaidi ya nusu GB, na kwa AEB zidisha mara tatu. Kwa kawaida mimi hukwepa duara. Napiga nyuzi 180 jua likiwa ubavuni, kwa kuwa ubavuni ndiko kivuli kinakoonekana kwa urefu wake. Jua likiwa mgongoni vivuli hujificha nyuma ya vitu, na watu hushangaa kwa nini picha yenye mwanga mzuri vile haina uhai.

Kimo

Panda mita 20, tazama. Panda hadi 35, tazama. Panda hadi 60, tazama. Mahali pengi huku jibu liko kati ya 30 na 60. Kipimo changu ni jabali au kilima cha karibu: kilele chake kiguse au kikate upeo wa macho. Kikishashuka chini kabisa ya upeo, kimeshaacha kuwa mlima, kimekuwa alama kwenye ramani. Isipokuwa Bahi na kwenye majaruba mengine, kama nilivyosema.

Usiwe karibu mno pia. Kamera haikai kwenye kitovu ambacho droni inakizunguka. Iko sentimita chache mbele yake. Kwa kilima cha mbali tofauti hiyo si kitu, lakini tawi lililo mita 4 kutoka kwenye lenzi litahama kati ya picha moja na nyingine na kuungana likiwa limevunjika. Acha angalau mita 15 kati ya droni na kitu cha karibu kuliko vyote.

Kupiga

Droni nyingi zina panorama ya kujiendesha: kwa nyingi kati ya zile ndogo, upana ni picha 9, nyuzi 180 ni picha 21, duara ni 26 au zaidi. Itumie kwanza, ni ya haraka na haisahau pembe. Lakini iambie ihifadhi picha za asili na si ile tu iliyoiunganisha yenyewe, ambayo huwa ndogo na imebanwa. Ukisahau kuwasha hilo utarudi mjini na kitu cha kutuma kwenye status tu.

Kupiga kwa mkono kunakupa udhibiti zaidi, na si kugumu. Fanya hivi:

1. Weka droni kwenye mwendo wa taratibu kabisa. Iache itulie sekunde tano.
2. Inamisha kamera nyuzi 5 hadi 10 chini ya upeo. Anza upande wa kushoto, nje kidogo ya pale unapotaka picha ianzie.
3. Piga. Tafuta kitu kilicho ukingoni kabisa mwa kulia: mti, kichuguu, kona ya zizi.
4. Zungusha kulia hadi kitu hicho kifike kwenye mstari wa gridi wa kushoto. Umeacha theluthi moja ya picha ziingiliane, ndicho kiasi kinachohitajika. Subiri sekunde mbili, piga.
5. Rudia. Kwa lenzi ya kawaida ya droni, inayoona nyuzi 73 hivi kwa upana, picha 5 zinatosha nyuzi 180 na 8 zinafunga duara.
6. Inamisha kamera nyuzi 30 zaidi, rudi ulikotoka ukipiga safu ya pili. Safu hii ndiyo inayobeba vivuli, usiiruke.

Anga ikiwa na mawingu mazuri, ongeza safu ya juu. Kwa droni nyingi unaweza kuinua kamera nyuzi 20 juu ya upeo ukiwasha ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya gimbali. Anga ya kipupwe mara nyingi ni tupu, na anga tupu haihitaji nafasi kubwa.

Kama kuna kundi la mbuzi linatembea, au pikipiki inakuja na vumbi lake, anza na picha hizo kabla vitu havijahama, na ziingiliane zaidi ya kawaida. La sivyo mbuzi mmoja atatokea mara mbili, na mwingine nusu.

Kwenye maji, kule Hombolo, mtego ndio huu: programu huunganisha picha kwa kutafuta alama zinazofanana, na maji hayana alama za kudumu. Picha ya maji matupu itaelea bila pa kushikwa. Hakikisha kila picha ina kipande cha ukingo, matete au mtumbwi uliotulia.

Piga kila panorama mara mbili. Inachukua dakika tatu au nne, na betri moja inatosha seti kadhaa. Shuka ikiwa imebaki asilimia 30, kwa sababu kurudi ukikabili upepo hula chaji kuliko ulivyotegemea. Kabla ya kuondoka, fungua picha mbili tatu uzikuze uone kama zina ukali.

Kuunganisha

Rekebisha RAW kwanza: chagua picha moja ya katikati, itengeneze, kisha nakili marekebisho yaleyale kwa zote. Ondoa giza la pembeni la lenzi hapa, maana likibaki litaacha michirizi ya wima angani. Usikoleze rangi bado.

Programu ya Hugin ni ya bure na inafanya kazi yote, ingawa sura yake inatisha mwanzoni. PTGui ni ya kulipia na ni ya kasi. Lightroom inaunganisha vizuri panorama za kawaida na kukurudishia faili ya RAW unayoweza kuendelea kuitengeneza. Popote utakapofanyia, utaulizwa aina ya mkunjo, yaani namna ya kuilaza picha ya mzunguko kwenye karatasi bapa. Kwa nyuzi 120 hadi 220 chagua wa silinda. Kwa duara zima wa tufe. Ule wa kunyoosha mistari uache kwa picha nyembamba za majengo. Upeo ukitoka umepinda, weka alama za usawa kwenye upeo wenyewe, tambarare ya kwelikweli na si vilima, programu itaunyoosha.

Kata kingo, kisha ndipo uguse mwanga. Pandisha vivuli kidogo tu. Kishawishi ni kuvifungua vyote mpaka kila kitu kionekane, na ukifanya hivyo umekifuta kile ulichoamkia saa 10 alfajiri kukifuata. Kifaa cha kuondoa ukungu kitumie kwa nukta chache, kwenye vilima vya mbali pekee. Ukikitumia picha nzima, udongo mwekundu wa Dodoma unageuka rangi ya matofali ya tanuri. Tazama rangi ya nyasi: ziwe za dhahabu, zisiwe za machungwa.

Kusambaza na kuchapa

Watu wengi wataiona kwenye simu. Panorama yenye upana mara tano ya kimo chake inakuwa uzi kwenye skrini, kwa hiyo tengeneza toleo la mbili kwa moja au tatu kwa moja kwa ajili ya mtandaoni, au ikate vipande vya kutelezesha kimoja baada ya kingine. Kwa WhatsApp itume kama faili, si kama picha, vinginevyo itabanwa. Faili unayoiweka hadharani iondolee taarifa za GPS kama ndani kuna nyumba za watu.

Kwa kuchapa, hesabu ni rahisi. Nyuzi 180 kutoka kamera ya megapikseli 12 hutoa pikseli kama 8,500 kwa upana. Kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni sentimita 72. Kwa nukta 150, ambazo zinatosha kwa picha ya ukutani inayotazamwa kutoka hatua mbili, ni karibu mita 1.4. Epuka karatasi inayong'aa, dirisha lote la sebule litajionyesha ndani yake. Turubai la picha linaficha kelele za vivuli, yaani chembechembe zinazotokea penye giza, karatasi isiyong'aa inaonyesha matawi ya mbuyu moja moja. Mwombe mchapaji akutolee kwanza kipande cha upana wa sentimita 20 kutoka sehemu yenye giza zaidi ya picha, ukiangalie nje juani, ndipo umwambie achape nzima. Na kama umeahidi nakala ofisini kwa mtendaji, agiza mbili kwa pamoja.